Mlango wa Chumba cha Mtoni

Inspekta Ketrina Simbeye alipiga magoti ukingoni mwa shimo, akamulika ndani kwa tochi. Nje jua la Oktoba lilikuwa linachoma nchi yote ya bonde la Momba, lakini chumba kile cha chini, kilichoelekea mtoni, kilikuwa na ubaridi na harufu ya udongo uliofukuliwa.

"Waliochimba hapa ni akina nani?"

"Wanangu wawili," alijibu Shani, mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga yake ameikaza kiunoni. "Sakafu ilibonyea, mama afande. Baba yao akawaambia wachimbe, wajaze kokoto, washindilie upya. Walipokutana na fuvu wakatoka mbio. Na Makoye mwenyewe ndiye aliyepanda baiskeli kwenda kutoa taarifa polisi. Sasa muuaji anajipeleka mwenyewe?"

Swali hilohilo Ketrina alikuwa amemuuliza mkuu wake, akajibiwa kwamba mifupa imekutwa nyumbani kwa Makoye Bugalama, na nyumba ina mwenyewe. Makoye alikuwa mahabusu, na siku ya Ijumaa angesomewa shitaka la mauaji. Hapa kijijini Msambwe, chini kidogo ya Kamsamba, watu walikuwa wameanza kusema kwamba wafugaji hawa waliotoka Usukumani waondoke na ng'ombe wao. Usiku wa kuamkia jana mtu alikata miiba ya boma la Shani, mifugo ikatawanyika hadi mtoni.

"Mlinunua nyumba hii mwaka gani?"

"Tisini na tisa. Mwaka mmoja baada ya mafuriko makubwa. Tulikuta chumba hiki kimejaa tope kavu. Makoye akamwaga udongo mwekundu juu yake, akashindilia."

"Hamkulitoa tope?"

"Lilikuwa limekauka kama tofali. Tulitolee nini?"

Ketrina akashuka ndani ya shimo. Vijana wa Makoye walikuwa wamechimba shimo fupi kuliko kaburi lenyewe. Askari waliokuja kuchukua mifupa nao hawakuongeza. Upande wa dirishani ukuta wa shimo ulikuwa bado umesimama, umekatwa wima, na matabaka yake yalionekana vizuri. Akayafuta kwa brashi ya rangi aliyokuja nayo, kuanzia chini kwenda juu.

Chini kabisa palikuwa na vigae vya udongo wa kuchoma. Hivyo vililetwa na Ritina, Mzungu aliyejenga jumba hili kabla ya vita vya pili ili anunue ngozi na chumvi ya Ivuna. Juu ya vigae palikuwa na saruji nyekundu iliyong'arishwa. Hiyo ilikuwa kazi ya Kanji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyelinunua jumba kwa Ritina na kulikalia mpaka serikali ilipolitaifisha mwaka sabini na moja. Saruji ya Kanji ilikuwa imevunjwa mahali hapa, na vigae vilikuwa vimeng'olewa. Juu yake likaja tope la mafuriko, la kijivu, laini, unene wa kiganja. Kisha udongo mwekundu wa Makoye.

Ketrina akalifuata tope lile kwa kidole kutoka pembe hadi pembe. Lilipita juu ya saruji nzima, likapita juu ya saruji iliyovunjwa, likaendelea. Halikukatika popote.

"Luka," alimwita konstebo wake. "Njoo uangalie. Mtu akichimba kaburi hapa baada ya mafuriko, tope hili litakuwaje?"

Luka akainama. "Litakatika, afande. Atalichanganya na udongo mwingine."

"Na hili?"

"Zima kabisa."

"Basi aliyezikwa hapa alizikwa kabla ya mafuriko. Na mwaka huo Makoye alikuwa wapi, mama Shani?"

"Tulikuwa Kahama," Shani alisema. Alisema polepole, kana kwamba anaogopa neno lenyewe litavunjika. "Hata jina la Momba hatukuwa tumewahi kulisikia."

"Chimba upande huu, Luka. Kwa mkono, si kwa sururu."

Luka alichimba akitoa udongo kwa konzi. Vilitoka vifungo viwili vya shati, kisha kipande cha mkanda, kisha kitu kirefu kilichofunikwa na kutu. Ketrina alikichukua, akakigonga taratibu ukutani. Kutu ikapukutika. Ulikuwa ufunguo mkubwa wa chuma, wa kizamani, mrefu kuliko kiganja chake.

Aliutazama mlango wa chumba. Ulikuwa wa mbao za msonobari, una komeo la kawaida na kufuli.

"Huu sio mlango wa Ritina."

"Sio," Shani alisema. "Ule wa zamani tuliukuta umetupwa uani. Makoye aliufanya lango la zizi la ndama."

Wakatoka. Jumba lilikuwa na ghorofa moja na veranda iliyozunguka pande tatu, nguzo zake nene, na ngazi za mawe zilizoteremka hadi ukingoni mwa mto. Kuku walikuwa wanatembea verandani. Nyuma ya jiko, kati ya miiba ya zizi, ulisimama mlango mzito wa mninga, umefungwa kwa kamba za katani. Ndama waliusugua kwa shingo zao mpaka ukang'aa.

Ketrina aliinama kwenye kitasa. Ulimi wa chuma ulikuwa nje, umeganda na kutu. Bawaba zote mbili ziling'olewa kwa nguvu, mbao zimechanika.

"Aliyeutoa mlango huu aliung'oa ukiwa umefungwa," alisema. "Luka, lete mafuta ya taa."

Waliyamimina, wakangoja, wakamimina tena. Mara ya kwanza ufunguo uligoma. Mara ya tatu ukazunguka, na ulimi ukarudi ndani kwa mlio uliomfanya ndama mmoja aruke.

Shani akashika mdomo.

"Mama Shani, kuna mtu yeyote aliyewahi kuwaambia lolote kuhusu chumba kile?"

"Mzee Jonasi. Yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Tulipohamia alikuja kutusalimia, akasema tuishi kokote lakini chumba cha mtoni tusikiguse, kina balaa la yule Mzungu. Makoye akacheka."

"Na sasa Mzee Jonasi anasemaje?"

"Yeye ndiye anayewaongoza wanaotaka tuondoke."

* * *

Tunduma siku ya pili yake foleni ya malori ilikuwa imeanzia mpakani, ikapita sokoni na kuendelea kuelekea Vwawa. Vijana wa kubadilisha kwacha walikuwa wanagonga vioo vya magari wakiita wateja kwa Kibemba cha heshima, "mukwai, mukwai." Ketrina aliliacha gari kando, akatembea hadi kwenye yadi ya Salum Uledi, aliyemuuzia Makoye jumba lile.

Salum alikuwa mtu wa Kigoma kwa asili, mwenye malori saba na kanzu isiyowahi kuonekana na doa la grisi. Alimkaribisha kitini, akaagiza soda. Ketrina hakuigusa.

"Alhaji, jumba la Msambwe ulilipataje?"

"Mnadani. Mwaka tisini na tatu. Serikali ilipolichukua kwa Mhindi ililifanya ghala la ushirika. Ushirika ukafa, wakauza mali zote. Tulinunua mimi na ndugu yangu Yahaya. Tulitaka kuwa na ghala la mpunga karibu na wakulima."

"Yahaya yuko wapi?"

Salum akakunja uso. "Afande, Tunduma nzima inajua. Alikwenda Msambwe kuchukua ufunguo, hakurudi. Meneja wa ghala akasema alimpa ufunguo, na Yahaya akaondoka na mwanamke Mbemba, wakavuka kwenda Zambia."

"Meneja alikuwa nani?"

"Jonasi Silwimba. Siku hizi ana mashine ya mpunga."

"Ukaamini?"

"Ndugu yangu alipenda maisha. Nilikasirika zaidi kuliko kushangaa." Akaisogeza chupa ya soda kando. "Kwa nini unaniuliza habari za Yahaya?"

"Nitakwambia. Wewe ulikwenda lini Msambwe?"

"Baada ya wiki tatu hivi. Nikakuta chumba cha mtoni kimefungwa. Jonasi akasema ufunguo ni mmoja tu, tangu enzi za Mhindi, na amekwisha kumpa Yahaya. Nikaita mafundi, mbele ya kijiji kizima, tukang'oa bawaba."

"Ndani mkakuta nini?"

"Magunia matupu ya mbolea, yamerundikwa mpaka dirishani. Jonasi akaniomba nisiyaguse, eti bado ni mali ya ushirika, watu wa hesabu watakuja. Sikuwa na shida na chumba kile. Yalikaa pale mpaka mafuriko yakayaozesha."

Ketrina alikuwa amekuja akiwa na jina moja la mtuhumiwa kichwani, nalo lilikuwa la mtu aliyeketi mbele yake. Ndugu mmoja amepotea, mwingine kabaki na jumba zima. Ndivyo mkuu wake angelipenda jambo hili liwe, ikiwa Makoye angetoka. Lakini kulikuwa na swali lililomsumbua tangu alfajiri.

"Kwa nini uliliuza?"

"Lilinichosha. Barabara mbovu, mafuriko. Makoye alipokuja kuliulizia nikampa siku hiyohiyo."

"Hakuna mwingine aliyelitaka?"

Salum akacheka bila furaha. "Jonasi huyohuyo. Alinifuata hapa mara tatu, kabla ya mafuriko na baada. Nikamwambia mtu aliyemwacha ndugu yangu aondoke na malaya bila kumzuia sitamuuzia hata tofali. Alipojua nimemuuzia Msukuma alikuja hapa akitetemeka. Nilidhani ni malaria."

Ketrina akainuka. Mtu aliyezika maiti ndani ya nyumba hamwachii mgeni nyumba hiyo kwa siku moja, bila hata kusema chumba fulani kisiguswe. Salum aliuza kwa sababu hakujua alichokuwa anakiuza. Aliyejua ni yule aliyetaka kukinunua.

"Alhaji, ndugu yako aliwahi kuvunjika mfupa?"

Sauti iliyojibu haikuwa ya Salum. Mwanamke mrefu, aliyejifunga mtandio mweusi, alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi ameshika sinia la vikombe. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Mkono wa kushoto," alisema. "Chini ya kiwiko. Hendeli ya lori ilimrudia alipokuwa anawasha. Uliunga vibaya, ukapinda kidogo kwa nje."

"Huyu ni Nuria," Salum alisema kwa sauti ndogo. "Mke wa Yahaya."

Daktari wa Mbeya alikuwa amempigia Ketrina simu asubuhi ile kuhusu mkono huohuo. Inspekta aliwatazama wote wawili, akawaambia mifupa iliyofukuliwa ni ya nani. Nuria aliweka sinia mezani kwa uangalifu, kikombe hata kimoja hakikulia, kisha akakaa chini sakafuni.

* * *

Mashine ya Jonasi Silwimba ilikuwa inanguruma Ketrina na Luka walipofika Msambwe alasiri ya siku hiyo. Jonasi alimwashiria fundi wake azime. Alikuwa mzee mnene, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, na vumbi la pumba limemkaa kwenye nyusi.

"Karibu, binti Simbeye. Nasikia umefika kwa yule muuaji."

"Nimefika, baba. Nimekuja unisaidie historia ya jumba. Wazee wananiambia hakuna anayeijua kama wewe."

Jonasi alifurahi. Akamvutia kigoda kivulini, akaanza. Alimsimulia Ritina na mbwa wake, Kanji na mke wake aliyekuwa anafuga tausi verandani, siku serikali ilipokuja kulichukua jumba na Kanji akalia mbele ya watumishi wake. Alisimulia miaka yake mwenyewe ya umeneja, jinsi malori ya mbolea yalivyokuwa yanapanga foleni hadi kwenye mwembe wa kanisa. Ketrina alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali madogomadogo, akacheka palipohitaji kucheka.

"Na milango yake ile ya mninga," alisema. "Siku hizi hakuna vitasa vya namna ile."

"Hakuna! Vilitoka Ulaya."

"Funguo zake zilikuwa nyingi?"

"Wa chumba cha mtoni ulikuwa mmoja tu. Wa pili Kanji aliondoka nao. Niliuvaa shingoni miaka yote."

"Mpaka ulipomkabidhi Yahaya Uledi."

"Ndiyo. Nilimkabidhi palepale nje ya chumba."

"Alifungua akaangalia ndani?"

"Hapana. Nilifunga mimi mwenyewe, nikampa mkononi, akaondoka. Yule mwanamke alikuwa anamngoja barabarani. Sikumwona tena."

"Na wewe hukuingia tena chumbani."

"Ningeingiaje, binti? Ufunguo anao yeye."

Ketrina akatoa mfukoni kifurushi cha karatasi, akakifungua juu ya goti lake. Jonasi aliuona ufunguo. Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, ila macho yaliondoka.

"Tumeukuta jana, baba, kiunoni kwa Yahaya. Tumeujaribu kwenye kitasa. Unazunguka."

Jonasi aliunyoshea ufunguo kidole. "Basi alirudi. Alirudi na mtu, huyo mtu akamuua."

"Inawezekana. Alirudi, akafungua kwa ufunguo huu, akaingia, akauawa, akazikwa na ufunguo wake. Kisha muuaji akatoka. Nieleze tu jambo moja. Salum alipokuja aliukuta mlango umefungwa, na mpaka leo ulimi wa kitasa uko nje. Kitasa kile hakijifungi chenyewe. Nani aliufunga, ikiwa ufunguo pekee ulikuwa chini ya sakafu?"

Fundi wa mashine alikuwa ameacha kufagia.

"Labda ule wa pili..." Jonasi alianza.

"Wa Kanji?"

"Labda Kanji aliuacha mahali."

"Umeniambia sasa hivi aliondoka nao. Mwaka tisini na tatu ulimwambia Salum hivyohivyo, mbele ya kijiji. Mtu mmoja tu alikuwa na haja kila mtu aamini kwamba ufunguo ni mmoja. Magunia yale ya mbolea, baba. Salum aliyakuta matupu. Yahaya aliyakutaje?"

Jonasi alitazama upande wa mto.

Mwaka ule, fundi wa mashine angemwambia Luka baadaye, wakulima wa Msambwe waliambiwa kwamba mbolea yao haikufika. Walilima bila mbolea. Baba yake mwenyewe aliuza mbuzi wote kabla ya mavuno.

"Nilidhani amekwenda," Jonasi alisema. "Nilimwona akiondoka kwa macho yangu. Nikaingia kwa ule ufunguo wa pili nianze kuyatoa magunia ya mbolea, mashua ya watu wa Zambia ilikuwa inangoja chini ya ngazi. Nikageuka, namwona amesimama mlangoni. Alikuwa amesahau kofia yake, akaja kuichukua." Alipangusa nyusi, vumbi likamwingia machoni. "Nilimwomba anipe mpaka Jumamosi. Mpaka Jumamosi tu, binti yangu. Akasema anakwenda kuwaita wakulima sasa hivi. Akanigeuzia mgongo."

"Ukampiga na nini?"

"Sururu."

"Na mwanamke Mbemba?"

Jonasi alitikisa kichwa. "Hakukuwa na mwanamke."

Ketrina alimpa maonyo yote ya kisheria, polepole, na Luka akamfunga pingu. Watu walikuwa wamekusanyika barabarani. Wengi wao ni walewale waliokuwa wanataka boma la Makoye lichomwe. Hakuna aliyepiga kelele. Shani alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika fimbo ya kuchungia, akawapisha polisi wapite na mtu wao.

* * *

Makoye Bugalama alitoka mahabusu Alhamisi mchana, akaomba maji, kisha akauliza habari za ndama. Ketrina alimpakia kwenye basi la Kamsamba, naye akageuza gari kuelekea Tunduma. Alikuwa na kazi moja iliyobaki, nayo haikuwamo katika maagizo ya mkuu wake.

Alimkuta Nuria amekwishavaa, anamngoja kibarazani.

"Nimekwenda kwa shehe," Nuria alisema kabla hata ya salamu. "Nimemuuliza eda yangu naianza lini. Akaniambia eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa. Yangu ilikwisha zamani, nami sikujua." Alifunga mlango. "Naomba unisindikize yadini, dada. Sitaki nguvu za polisi. Nataka tu uwepo."

Madereva wa Salum walikuwa wanakula chini ya kivuli cha tela. Salum mwenyewe aliposikia hatua zao alitoka ofisini, akaona uso wa shemeji yake, akabaki amesimama. Nuria alipita katikati ya madereva hadi kwa mzee mmoja aliyekuwa anamenya chungwa. Aliitwa Kasiani, na alikuwa dereva mkongwe kuliko wote.

"Kasiani, uliniambia ulimwona Yahaya kule Kapiri, Zambia."

Kasiani aliacha kumenya.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shemeji..."

"Ulisema alikuwa anauza duka na mwanamke mnene, na kwamba alikuona akajificha. Duka lilikuwa la rangi gani?"

Wengine walikuwa wameacha kula. Kasiani aliliweka chungwa chini.

"Sikumwona," alisema. "Watu walikuwa wanasema, na mimi nikasema. Sikujua ungelibeba."

"Nilikwenda Kapiri, Kasiani. Nilikwenda na mwanangu Sabra mgongoni, ana homa. Niliingia kila duka, nikawauliza wanawake wanene wa watu kama wameniibia mume. Walinicheka. Mmoja alinipa uji." Sauti yake haikupanda. "Mtoto amekua akiambiwa baba yake alitoroka. Shuleni, sokoni, hapa yadini."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Ila kwanza utasema tena, kwa sauti ileile uliyosemea Kapiri. Simama, uwaambie hawa wote Yahaya alikwenda wapi."

Kasiani alimtazama Salum, Salum akatazama chini. Akamtazama Inspekta, naye hakumsaidia. Mzee akajishika kwenye gurudumu la tela, akainuka, akavua kofia.

"Yahaya Uledi hakutoroka," alisema. Dereva mmoja kijana aliyekuwa anapasha injini moto upande wa pili wa yadi akaizima ili asikie. Kasiani akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi. "Yahaya Uledi hakutoroka. Aliuawa ndani ya nyumba yake mwenyewe, Msambwe, kwa sababu alitaka kuwaita wenye mbolea waje waione. Hakukuwa na mwanamke. Mimi niliyesema nilimwona, nilisema uongo."

Nuria alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akaelekea getini, kumngoja Sabra atoke shule.